Mwaridi wa jangwani usiochipua hata joto likirudi

Mwaridi wa jangwani huota wenyewe katika nyika kavu za Kenya na Tanzania, na huko hupukutisha majani kila unapokosa maji au joto, bila kufa. Ukipandwa chunguni Nairobi au Arusha, hufanya vivyo hivyo baridi ya Juni hadi Agosti inapoingia. Shaka huanza Oktoba, jua limekwisha kurudi, na ncha za matawi bado hazina chipukizi hata moja.

Wengi hukimbilia kumwagilia, na hilo ndilo kosa linaloua miti hii zaidi, kwa sababu mmea usio na majani haunywi karibu chochote, na maji yanayotuama kwenye udongo huozesha mizizi. Papasa shina kwanza. Lile bonge lililovimba chini ni ghala la maji: likiwa gumu kama kiazi kibichi, mmea u hai na unangoja joto, likibonyea kidogo pande zote, gome limekunjamana lakini ni kavu, una kiu, likibonyea upande mmoja kama embe lililoiva kupita kiasi, na kidole kikatoka na majimaji ya kahawia yenye harufu, limeoza. Kisha kwangua gome la tawi kwa ukucha, eneo dogo kama punje ya mchele. Rangi ya kijani ni uhai. Ukikuta kahawia kavu, kata tawi ukishuka hadi ufikie kijani, ukiwa umevaa glavu, maana utomvu wake una sumu kali ambayo wawindaji katika sehemu kadhaa za Afrika waliipaka kwenye mishale.

Mmea usiooza, uwe mgumu au wenye kiu, unahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 au zaidi. Kivuli cha baraza hakitoshi. Mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini ya chungu, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kisha usirudie mpaka udongo ukauke kabisa. Mbolea ingoje majani.

Iwapo machipukizi hutokeza kisha yakatoweka, toka na tochi usiku utafute viwavi, na uchunguze kama kuna vidung'ata weupe kama pamba kwenye vikonyo.

Uozo ndio unaotaka moyo mgumu. Ng'oa mmea, osha mizizi, kisha kata sehemu laini kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti, ukiendelea hadi nyama yote iwe nyeupe na safi, kwa kuwa doa dogo la kahawia likibaki litaenea tena. Uanike kivulini kwa siku 7 hadi 10, jeraha lifanye gamba, ndipo uupande katika mchanganyiko wa sehemu mbili za kokoto ndogo au mchanga mnene na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri, ndani ya chungu chenye matundu. Usimwagilie wiki ya kwanza. Mmea unaweza kukaa wiki kadhaa bila kuonyesha chipukizi lolote. Maadamu bonge ni gumu na gome lina kijani, uache juani palepale.