WordPress au mafaili tu? Angalia nani ataandika

Kabla hujaweka WordPress, ile programu ya kuendesha saiti unayobadilisha maneno kupitia brauza, jiulize kwanza, nani atakuwa anabadilisha maneno humo ndani? Kama ni mama wa duka la vitenge anataka kubadili bei kila wiki akiwa na simu tu, mwekee WordPress, usimsumbue na mafaili. Ila saiti ya kurasa tano, huduma, ramani, namba ya simu, we andika HTML yako (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti), pandisha index.html na kurasa zingine kwenye seva umemaliza, hakuna PHP (lugha ya programu inayoendesha WordPress) wala databesi ya kuhangaika nayo. Mi niliwahi kuacha plagini ya WordPress (kiprogramu cha kuiongezea kazi) bila kuiapdeti miezi kadhaa, asubuhi nafungua saiti nakuta matangazo ya kamari, aisee! Kurasa zako za HTML zikifika 30 na menyu unaikopi kwenye kila moja, hapo chukua Hugo, programu ya kutengeneza saiti: unaandika Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache), yenyewe inakutolea HTML.