SOMO: Namna ya kuchagua saiti ya doti nyekundu kwa bastola ya shabaha

Habari zenu wakuu, wenzangu wa hapa Dodoma wananiuliza hii kitu kila tukikutana kulenga, leo naiandika yote. Saiti ni kile kifaa cha kulengea kinachokaa juu ya bastola.

HATUA YA 1: Macho kwanza, pesa baadae. Doti sio leza, haifiki kwenye shabaha kabisa, ni taa ndogo ya LED inapiga kwenye kioo inarudi jichoni kwako. Mwenye astigmatizimu (kasoro ya umbo la jicho, wengi wanayo na hawajui) anaona nyota au kitu kina mkia. Usikimbilie kurudisha dukani, piga picha kwa simu kupitia kile kioo, doti ikitoka duara safi ujue ni jicho, nenda kapime.

HATUA YA 2: Ukubwa wa doti. Unapimwa kwa MOA (kipimo kidogo cha pembe, sehemu ya 60 ya digrii), na MOA 1 kwa mita 25 ni kama milimita 7. Sasa duara la kumi (lile la katikati lenye pointi 10) la shabaha ya mita 25 lina milimita 50, kwa hiyo doti ya MOA 6 inakufunikia karibu kumi yote, ya MOA 3 inakuachia nafasi uone unalenga wapi. Mi nashauri 3.

HATUA YA 3: Hapa ndo penyewe. Kuna za wazi (taa iko nje bila kifuniko) na zilizofungwa (taa iko ndani ya boksi lenye vioo). Mi nilianza na ya wazi maana ni nyepesi na bei iko chini, ikafika Agosti na ule upepo wetu, vumbi likakaa juu ya ile taa, doti ikawa inatawanyika mara inapotea kabisa na nimeshanyoosha mkono nataka kupiga. Iliyofungwa vumbi linaishia kwenye kioo cha nje, unafuta na kitambaa unaendelea. Kwa huku kwetu chukua iliyofungwa, hata kama itabidi usubiri miezi kadhaa ujichange.

HATUA YA 4: Kufunga. Hakikisha bastola ni tupu, kagua chemba (pale risasi inapokaa) mara mbili. Angalia reli (kile kipande cha kushikilia saiti juu ya bastola) inaendana na saiti, mfano Ruger Mark IV Target ina matundu tayari ya kufungia reli. Betri nyingi ni CR2032.

MASWALI

– Mkuu, mashindano ya ISSF (shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha) wanaruhusu doti?
Hapana ndugu yangu, bastola za ISSF ni saiti za kawaida tu, zisizo na doti. Doti utaikuta bullseye ya Marekani (mashindano yao ya kulenga shabaha kwa bastola), na IPSC (mashindano ya kupiga huku unatembea na kwa kasi) kwenye madaraja kama Production Optics.

– Kaka shikamoo, mchana jua kali siioni doti, nikiongeza mwanga inavimba.
Marahaba dada. Panda mpaka uione, halafu shuka hatua moja moja, simama pale inapoonekana bila kuvimba. Jioni punguza tena.

– Lazima doti ikae katikati ya kioo?
Sio lazima sana, risasi inafuata doti, ila umbali mfupi kama mita 10 ikiwa pembeni kabisa inakuhamisha kidogo, kwa hiyo izoee katikati.