Kupanga kazi za zamani za studio ya nyumbani ili zikutetee siku ya ugomvi wa malipo

Studio nyingi za chumbani Kigoma, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, zina kompyuta iliyojaa mafaili ya "beat mpya final final 2", na hakuna anayekumbuka nani alipiga gita. Mambo hayo hupuuzwa mpaka wimbo uanze kuingiza hela. Hapo mpangilio wa mafaili unageuka kuwa suala la ajira na haki, kwa sababu asiyeweza kuonyesha alichofanya hana cha kudai.

Anza kwa kunakili diski yote jinsi ilivyo, bila kufuta wala kubadili jina lolote. Diski ya nje iumbizwe kwa exFAT, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski. Mfumo wa zamani, FAT32, haupokei faili linalozidi GB 4, kwa hiyo rekodi ndefu ya kwaya itakataa kuhamia. Nakili ukiwa kwenye laptopu yenye chaji au kompyuta yenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika katikati, faili linaweza kubaki nusu huku jina lake likionekana zima. Ukimaliza, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa wake pande zote mbili, kisha sikiliza machache mwanzo, katikati na mwisho.

Majina ya mafolda yaanze na mwaka: 2019-08_jina-la-wimbo_msanii. Kompyuta itayapanga yenyewe. Kama tarehe haijulikani, angalia tarehe ya mwisho kubadilishwa ya faili la WAV la sauti, si ya faili la projekti. La projekti hubadilika kila ukibonyeza hifadhi, hata kama ulichofanya ni kushusha sauti ya besi.

Sasa kazi nzito. Projekti ya FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, hubeba anwani za sampuli (vipande vya sauti ulivyotumia), haibebi sampuli zenyewe, na ndiyo maana ukihamisha folda ngoma zinapotea. Hifadhi kama "Zipped loop package". Kwenye Reaper, programu nyingine ya kurekodi, tumia "Save project as" na uweke tiki ya kunakili sauti zote kwenye folda ya projekti. Hata hivyo usiishie hapo. Plagini ya krakidi (programu ya nyongeza iliyovunjwa leseni) iliyokuwepo 2017 huenda isirudi baada ya kufomati Windows, na projekti itafunguka ikiwa na nafasi tupu pale palipokuwa na kinanda. Dawa yake ni kutoa stemu: kila traki faili lake la WAV la biti 24, kwa kiwango kilekile cha kHz ilichorekodiwa (kupandisha 44.1 kwenda 48 hakuongezi kitu). Stemu zote zianzie sekunde sifuri, hata kama tarumbeta inaingia dakika ya tatu. Vinginevyo atakayefungua kwenye programu nyingine atabaki kubahatisha. Zima limita (kizuia sauti kupita kiasi) kwenye chaneli kuu ya "master". Traki ambayo efekti ndiyo sauti yenyewe, itoe mara mbili, kavu na yenye efekti.

Kwa nafasi: traki moja ya mono ya biti 24 na 48 kHz hula MB 8.64 kwa dakika. Wimbo wa dakika tano wenye traki 16 ni karibu MB 690. Diski ya terabaiti moja inatosha nyimbo zaidi ya elfu moja, kwa hiyo kisingizio cha nafasi hakipo. Nakala moja ikae nje ya nyumba kabisa, kwa ndugu Kasulu au Tabora. Inayobaki iwekwe kwenye mfuko unaofungwa na vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Hewa ya ziwani haina huruma na vyuma.

Ndani ya kila folda weka karatasi ya kikao: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, nani alifanya nini, vyombo vya nani, kiasi alicholipwa na kama aliahidiwa mgao. Mgao wa utunzi uandikwe mbali na mgao wa rekodi, na kila upande ufike asilimia 100. Kwa kazi za zamani, tuma ujumbe: "Kaka, ule wimbo wa Agosti 2019, gita la rizimu ulipiga wewe, ulilipwa 30,000, mgao hatukukubaliana. Ni sahihi?" Jibu lake lihifadhi pamoja na ujumbe wa malipo ya simu. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka sita mahakamani, kwa hiyo anza na kazi zinazokaribia umri huo.

Hakimiliki inaanza pale kazi inapotungwa, chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, ni ushahidi mzuri, lakini hakutaji saa ulizokaa studio.

Saa hizo zina uzito. Sheria ya kazi imeandikwa kwa mtu mwenye bosi na daftari la mahudhurio. Prodyuza anayelipwa kwa wimbo huonekana si mwajiriwa. Ila Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kigezo kimojawapo kipo, kwa mfano: amemfanyia mwenye kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anatumia vifaa vya mwenye kazi huyo, au anamtegemea kwa kipato. Prodyuza anayeshinda kwenye studio ya mtu yumo humo mara nyingi, akiwa na karatasi zake. Mwenye studio naye ajue hivyo kabla ya kusema "huyu ni kibarua tu".

Ukitaka kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, madai ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, mengine siku 60. Jaza Fomu Na. 1 na umpe mlalamikiwa nakala kwanza. Chama cha wafanyakazi kinahitaji waajiriwa 20, idadi ambayo studio moja ya chumbani haifikii. Kwa waliojiajiri, kikundi kilichosajiliwa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kinaweza kukubaliana kutumia fomu moja ya karatasi ya kikao mji mzima.