Mtoto mchanga alale wapi? Mwongozo kwa anayeishi chumba kimoja

Mama akifika kliniki na mimba ya miezi minane, huwa namuuliza vitu vyake vimefikia wapi. Beseni lipo, kanga zipo, nguo ndogo zimeshafuliwa na kukunjwa. Nikimuuliza mtoto atalala wapi, wengi hunijibu, "Si nitalala naye tu, nesi?" Swali hilo lilitakiwa liulizwe mapema, kwa sababu mtoto mchanga hulala saa nyingi kuliko anavyofanya jambo lingine lolote, na hawezi kugeuza kichwa chake kwa nguvu wala kujitoa nguo usoni.

Mimi ni muuguzi mkunga Dar es Salaam. Wazazi wengi ninaowahudumia wanakaa chumba kimoja cha kupanga: kitanda kimoja, neti moja, jiko kando ya mlango. Ninayoyaeleza hapa yanawezekana katika chumba hicho. Mahali pa mtoto pawe pagumu, tambarare, patupu, na pawe karibu na mama. Tuanze.

Hatua ya 1: Kagua chumba kabla ya kujifungua

Fanya kazi hii ukiwa na mimba. Ukishatoka wodini una mshono au umechoka, utamlaza popote palipo wazi.

Lala kitandani upande unaolalia kila siku, nyoosha mkono. Mtoto awe ndani ya urefu wa mkono huo. Chumba kimoja na mama kwa angalau miezi 6 ya mwanzo ndiyo inayoshauriwa, na sisi wa chumba kimoja hilo tayari tunalo. Mtoto mchanga anaamka kunyonya kila baada ya saa 2 au 3. Akiwa karibu utasikia anavyoanza kuhangaika kabla hajalia, na utasikia pumzi yake ikibadilika.

Kisha angalia juu na pembeni. Juu yake pasiwe na rafu yenye sufuria wala kamba ya nguo. Pazia lisimfikie, waya wa chaji au wa feni usimfikie. Angalia pia nafasi kati ya kitanda na ukuta, maana hapo ndipo mtoto huteleza akabanwa bila mtu kusikia.

Hatua ya 2: Chagua kitu cha kulalia

Kama una kitanda cha mtoto cha fundi, pima nafasi kati ya mbao na mbao: isizidi sentimita 6. Godoro lijae kitanda kizima. Vidole viwili vikiingia kwa nafasi kati ya godoro na ubao, ni dogo. Usilijazie kwa kukunja blanketi pembeni.

Kama huna kitanda, usikope fedha. Nchini Finland, tangu mwaka 1938 serikali imekuwa ikiwapa wazazi sanduku la karatasi ngumu lenye vifaa vya mtoto na kigodoro, na watoto wengi wa huko walianza maisha wakilala ndani ya sanduku hilo. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wao wanasuka kikapu kinachoitwa wahakura, anachowekwa mtoto juu ya kitanda cha wazazi, ili awe karibu na mama lakini awe na sehemu yake. Nilipokisoma kisa hicho niliwawazia wasukaji wetu wa ukindu. Kikapu kipana cha ukili, chenye kitako bapa na kuta fupi zinazosimama zenyewe, kinaweza kusukwa hapa hapa.

Kwa chumba chenye neti moja, njia hii inatatua tatizo kubwa: kikapu kinakaa kitandani, upande wa mama, ndani ya neti ileile. Kitanda kiwe cha kutosha, walau futi 5 kwa 6, na godoro lenu lisiwe limebonyea kiasi cha kukiinamisha kikapu.

Katoni nayo inafaa ikiwa ngumu, safi, haikubeba sabuni ya unga wala dawa, na vifuniko vyake umevikata. Iweke chini juu ya mkeka, kando ya unapolala, na itundikiwe neti yake. Ila chumba kikiwa na panya, siafu, au kinaingiza maji mvua ikinyesha, chini si mahali pake.

Beseni nalikataa. Kitako chake ni chembamba, mtoto anajikunja hadi kidevu kinagusa kifua, na njia yake ya hewa bado ni laini kama mrija, inajibana. Kwa sababu hiyohiyo kiti cha gari, bembea na kochi si vya kulalia. Akisinzia humo, mhamishie kwake.

Sasa godoro. Weka kiganja katikati, bonyeza kwa uzito wa mkono, kisha nyanyua. Godoro zuri linarudi mara moja. Likibaki na alama ya kiganja chako, au likiwa na shimo pale mtu mzima alipozoea kulala, halimfai. Wazazi wengi wanadhani mtoto anahitaji ulaini na wanamtandikia blanketi mbili chini. Mwache alale juu ya ugumu, mifupa yake haitaumia. Tandika shuka moja au kanga iliyovutwa ikabana, kingo zimeingizwa chini ya godoro.

Hatua ya 3: Toa kila kitu

Mto utoke kwanza. Najua mto mdogo wa kuchonga kichwa una heshima yake katika nyumba nyingi, lakini kichwa kilichobonyea upande mmoja hurekebishika kwa kumgeuzia uso upande huu leo na upande ule kesho, na kwa kumlaza kifudifudi mchana akiwa macho huku unamtazama. Mto unaweza kumziba pua.

Toa midoli, blanketi la manyoya, taulo, na ile nailoni inayowekwa ili asilowanishe godoro kama inaweza kuteleza ikafika usoni.

Vipo pia vitu vya ulinzi: kisu au mkasi chini ya mto, hirizi, shanga, kamba nyeusi, rozari. Sigombani na mtu kuhusu imani yake, na wewe mwenzangu muuguzi usigombane naye, atakuficha tu. Ninaomba kitu kimoja: kisiwepo chochote shingoni mwake, na chenye ncha kihame kwenda juu ya mlango au kwenye rafu. Bado hakuna bibi aliyenikatalia.

Hatua ya 4: Mlaze chali, kila usingizi

Mchana na usiku, hata usingizi wa dakika 10. Hapa ndipo ninapopata upinzani mkubwa, na najua unatoka kwenye upendo. Nilikwenda kumtembelea mzazi mmoja, nikamkuta mama mkwe wake amemlaza mjukuu kifudifudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Usimgeuze huyo, akilala chali maziwa yatampalia."

Nikamwomba mkono, nikaviweka vidole vyake kwenye koo lake mwenyewe, mbele. Akahisi ule mrija mgumu wenye mabonde. Nikamwambia: huo ni wa hewa, wa chakula uko nyuma yake. Mtu akilala chali, wa hewa unakuwa juu na wa chakula chini. Mtoto akicheua, maziwa yapande kilima ndipo yaingie kwenye hewa. Badala yake yanabaki chini na yeye anayameza. Umlaze kifudifudi, mirija inapinduka, maziwa yanatiririkia mlangoni mwa hewa. Bibi alijishika koo kimya kwa muda, akameza mate, akameza tena. Kisha akamgeuza mjukuu wake mwenyewe.

Ubavu nao haufai, maana mtoto wa ubavu yuko nusu safari ya kwenda kifudifudi. Mcheulishe begani baada ya kunyonya, halafu mlaze chali.

Usimlaumu bibi. Hata Ulaya na Marekani, vitabu vya malezi vilifundisha kifudifudi kwa miaka mingi. Uingereza ilibadili ushauri mwaka 1991, Marekani mwaka 1992 na kampeni ya taifa ikafuata 1994. Vifo vya ghafla vya watoto usingizini Marekani vikapungua kwa takribani nusu. Vifo hivyo huwa vingi zaidi kati ya mwezi wa kwanza na wa nne, wakati ambapo wazazi wengi wameshaanza kulegeza masharti.

Hatua ya 5: Joto, neti na moshi

Mvalishe nguo moja zaidi ya uliyovaa wewe. Dar mwezi Februari hiyo ni nguo nyepesi na kanga. Njombe mwezi Julai ni habari nyingine. Usipime baridi kwa mikono yake, viganja vya mtoto mchanga huwa vya baridi kawaida. Gusa kifua au nyuma ya shingo: pakiwa na jasho, punguza. Shuka la kumfunika liishie kifuani, lichomekwe pande zote, mikono ikae nje. Kofia ni ya siku za mwanzo, au ya mtoto wa uzito mdogo kama ulivyoelekezwa wodini.

Neti yenye dawa ivutwe, ichomekwe chini ya godoro, isimlalie usoni. Zile ndogo za mwavuli huporomoka. Ukiitumia, hakikisha imesimama imara.

Jiko la mkaa lisilale ndani, wala lisiwekwe uvunguni mwa kitanda cha mzazi kwa ajili ya kumpasha joto siku za arobaini. Moto wa mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, inaua mama na mtoto kwa pamoja wakiwa usingizini. Kama mnafukiza udi, fukizeni mama na mtoto wakiwa nje ya chumba, fungueni dirisha, kisha warudi. Anayevuta sigara avutie mbali na nyumba.

Hatua ya 6: Ikibidi mlale kitanda kimoja

Ushauri wa kitaalamu ni mtoto awe na sehemu yake. Lakini nimeona nyumba nyingi, najua kuna usiku itashindikana. Basi usilale naye kabisa ikiwa wewe au baba mmekunywa pombe, mnavuta sigara, au umemeza dawa inayoleta usingizi. Au mtoto alizaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5. Nje ya hayo, akae upande wako, asikae kati yenu wawili, na kaka zake wasilale naye. Mito iwe mbali naye, vitenge vizito viishie kiunoni kwako, nywele ndefu zifungwe.

Hatari kuliko kitanda ni kochi. Mwanangu wa kwanza nilimnyonyeshea kwenye kochi saa tisa usiku, nikaamka na kumkuta ameteleza kati ya paja langu na mkono wa kochi, uso umegeukia sponji. Alikuwa anapumua. Tangu siku ile nikihisi usingizi wakati wa kunyonyesha, nilihamia kitandani, maana usingizi ukinishinda hapo palikuwa na nafuu.

Hatua ya 7: Waonyeshe wote wanaomlaza

Baba, mama mkwe, dada wa kazi, jirani anayekushikia ukienda sokoni. Usiwaeleze kwa mdomo tu. Mweke mtoto chali mbele yao, mwondoe, kisha mwambie kila mmoja amlaze yeye. Utaona nani anatafuta mto kwa mkono bila kujua. Huyo mrudishie zoezi kesho.

Na ukimwona mtoto anapumua kwa shida, kifua kinaingia ndani, midomo imebadilika rangi, au hataki kunyonya na haamki vizuri, mbebe nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, usisubiri kukuche.