Jinsi ya Kusoma Siku Moja ya Rais Kwenye Nyaraka: Tarehe 4 Agosti 1977

Nimefanya kazi masjala ya serikali tangu enzi za taipureta mpaka nikastaafu, kwa hiyo majalada hayanitishi. Kinachonishangaza ni watu wanaotaka kujua historia halafu wanaanza na hotuba. Hotuba imeandikwa ili uisikie. Ukitaka kumjua mkubwa, tafuta karatasi ambazo mwandishi wake hakukufikiria wewe hata kidogo: nani kaingia ofisini saa ngapi, simu ipi ilipigwa haikupokelewa, dokezo lipi lilirudi masjala na maneno ya kalamu pembeni. Wamarekani wanazo karatasi hizo kwa kila siku ya marais wao kadhaa, na nyingi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bure. Nitakuonyesha namna ya kuifungua siku moja. Nimechagua inayotuhusu: Alhamisi, tarehe 4 Agosti 1977, Mwalimu Nyerere alipopokelewa Ikulu ya Marekani na Rais Jimmy Carter.

Kwanza tarehe. Usiende kwenye nyaraka huna tarehe, utazama. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ofisi ya mwanahistoria, na tovuti yake ina orodha ya ziara za viongozi wa nje ikiwa imepangwa kwa nchi. Fungua Tanzania, utaziona zote. Mwalimu alikwenda pia Julai 1963 wakati wa Kennedy, na najua wengi wangependa kuanza na hiyo. Mimi nasema anza na 1977. Karatasi za Kennedy zinakupa zaidi kitabu cha miadi, yaani waliopangiwa kumwona. Kuanzia Nixon, kisha Ford na Carter, kulikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuandika siku ya rais ilivyokwenda hasa, dakika kwa dakika, wakikusanya taarifa kutoka kwa walinzi, kwa wahudumu wa Ikulu na kwa waendesha simu.

Kitabu cha siku walichokiandika watu hao kinaitwa "Daily Diary". Cha Carter kinatunzwa kwenye maktaba yake ya urais iliyoko Atlanta, Georgia. Ingia kwenye tovuti ya maktaba hiyo, tafuta jina hilo, kisha chagua mwaka, mwezi na siku. Itashuka faili ya kurasa chache tu, haili bando.

Sasa itazame karatasi yenyewe kabla ya kusoma neno. Ni fomu iliyopigwa chapa. Juu kuna mahali rais alipoianza siku, tarehe, na siku ya wiki. Kushoto kuna safu mbili za saa, kuingia na kutoka. Katikati kuna kisafu chembamba cha simu, chenye herufi P au R. P maana yake rais ndiye aliyepiga, R maana yake alipigiwa. Wengi hukiruka kisafu hicho, na mimi hukianzia hapo, kwa sababu mkubwa anayepiga simu mwenyewe ana shida na mtu. Kulia ndiko kwenye maelezo ya shughuli. Siku nyingi za Carter huanza na sentensi ileile kwamba rais ameamshwa kwa simu na opereta wa Ikulu, na mara nyingi ni alfajiri ambayo hata jogoo wa jirani yangu bado. Halafu anakwenda ofisini, halafu anamwona mshauri wake wa usalama, Zbigniew Brzezinski. Usichoke na mistari hiyo inayojirudia. Ukisoma siku kadhaa za kabla na za baada, ndipo utajua ipi ni kawaida na ipi imevunja kawaida.

Mwisho wa kitabu cha siku kuna viambatisho. Mahali ambapo waliohudhuria ni wengi, mwandishi hawataji wote kwenye ukurasa, anakuelekeza kwenye kiambatisho. Ukiona neno "Appendix", lifuate. Majina ya wageni wa dhifa huwa huko, na jina la mtu mdogo kwenye dhifa ya mwaka huu huweza kuwa jina la waziri miaka michache baadaye.

Saa hizo zinahitaji kazi kidogo. Karatasi inasema 10:30 asubuhi. Kwetu hiyo ni saa nne na nusu asubuhi, lakini ni saa nne na nusu ya Washington. Mwaka 1977 Wamarekani walisogeza saa zao mbele kuanzia Jumapili ya mwisho ya Aprili hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Katika kipindi hicho Dar es Salaam iko mbele kwa saa 7, na nje ya kipindi hicho kwa saa 8. Kwa hiyo saa nne na nusu asubuhi kule, mwezi Agosti, ni saa kumi na moja na nusu jioni kwetu. Si hesabu ya kupoteza muda. Ndiyo itakayokuambia kwa nini habari ya shughuli ya asubuhi hukuti gazetini Dar siku hiyohiyo, inabidi utafute la kesho yake.

Chukua kaunta buku na upige mistari. Safu zangu ni hizi: saa ya kule, saa yetu, nani, wapi, na hati gani imesema hivyo. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiacha, na ndiyo itakayokuokoa utakapokuta karatasi mbili zinapingana. Zitapingana tu, kwa sababu ratiba iliyoandikwa kabla na kitabu kilichoandikwa baada ni vitu viwili. Ratiba inasema kikao kitachukua muda wa saa moja. Kitabu kinasema walitoka baada ya muda gani hasa. Andika zote mbili. Tofauti yake nayo ni habari.

Usikiombe kitabu cha siku kile kisichokuwa nacho. Kinataja nani na lini, hakitaji walisema nini. Mfano maarufu ni tarehe 20 Juni 1972. Kitabu cha Nixon kinaonyesha alikutana na mkuu wake wa utumishi, Haldeman, siku tatu baada ya wezi kukamatwa kwenye ofisi za chama pinzani, jengo la Watergate. Kanda ya mazungumzo ya siku hiyo ikaja kukutwa imefutwa dakika 18 na nusu. Kwa hiyo tunajua walikaa pamoja, na tunajua kuna mtu hakutaka tujue zaidi. Waandishi wa vitabu hivi ni makarani kama mimi, wanaandika kwa ubaridi, ila mara mojamoja wanasahau. Julai 20, 1969, Nixon alipozungumza kwa simu na wanaanga walioko mwezini, mwandishi aliandika kwamba rais amefanya mazungumzo ya kati ya sayari. Mwezi si sayari, lakini ningekuwa zamu usiku ule nisingemsahihisha.

Ukishamaliza kitabu, nenda kwenye jalada la siku. Hapa ndipo mtu wa masjala anapojisikia nyumbani. Chini ya Carter kulikuwa na katibu aliyesimamia karatasi zote zinazoingia na kutoka mezani kwa rais, Rick Hutcheson, na majalada yake yamepangwa kwa tarehe. Kwenye tovuti ileile tafuta "Staff Secretary", kisha tarehe iandikwe kwa utaratibu wao, mwezi kwanza: 8/4/77. Ukiandika 4/8/77 utapelekwa Aprili. Faili hizi ni nzito kwa sababu kila ukurasa ni picha. Kama unatumia simu, subiri upate waifai.

Ukurasa wa kwanza ni utambulisho wa jalada. Wa pili au wa tatu mara nyingi ni fomu inayoitwa "Withdrawal Sheet". Isome kabla ya chochote. Kwetu masjala, karatasi ikitolewa jaladani unaacha alama ya kuonyesha imekwenda wapi, na asiyeacha alama alikuwa anakiona cha moto. Fomu hii inafanya kazi hiyohiyo. Ina safu ya aina ya hati, ya mada au walioandikiana, ya tarehe, na ya sababu ya kuzuiwa kwa herufi moja. A ni usalama wa taifa. B ni sheria au ofisi iliyoiandika hati. C ni masharti yaliyowekwa na aliyezitoa karatasi, na hiyo C ipo kwa sababu karatasi za Carter alizitoa mwenyewe kama zawadi. Sheria inayofanya kumbukumbu za rais kuwa mali ya umma ilipitishwa mwaka 1978, ikaanza kushika kwa rais aliyeingia Januari 1981, yaani Reagan. Kwa hiyo hata karatasi iliyofichwa imekupa kitu: unajua ilikuwepo, ni ya nani kwenda kwa nani, na ya lini.

Baada ya hapo yanakuja madokezo yenyewe. Utaona karatasi fupi za Hutcheson akisema kilichoambatishwa kimerudi kwenye trei ya rais ya vilivyotoka, kinapelekwa kwako kwa taarifa. Utaona orodha ya wasaidizi wenye alama mbele ya wanaotakiwa kuchukua hatua. Na pembeni, kwa mkono, utaona maandishi ya Carter, mara nyingi yamefungwa kwa herufi J peke yake. Alikuwa msomaji wa kila kitu, anasahihisha mpaka mambo ambayo bosi wangu wa zamani angenirudishia akisema nimalizane nayo mwenyewe. Kama maandishi hayasomeki, kuza picha, kisha linganisha herufi na neno lingine alilolirudia. Usikisie.

Hapa naomba usiruke karatasi zisizotaja Tanzania. Siku hiyohiyo Carter alitia saini sheria ya kuunda Wizara ya Nishati ya Marekani, jambo kubwa kwa nchi iliyokuwa imeumizwa na bei ya mafuta. Ukisoma habari za ziara peke yake utadhani Washington nzima ilisimama kumsubiri Mwalimu. Alikuwa mgeni mzito, mwenyekiti wa nchi za mstari wa mbele, lakini aliyempokea alikuwa na meza iliyojaa mambo mengine. Mwanafunzi anayejua hilo ataandika vizuri zaidi kuliko yule aliyebeba picha ya mapokezi tu.

Yaliyosemwa ndani ya kikao utayapata kwingine. Ofisi ileile ya mwanahistoria huchapisha mfululizo wa nyaraka za mambo ya nje, na juzuu ya kusini mwa Afrika kwa miaka 1977 hadi 1980 ndiyo yako. Kikao kikubwa kilihusu Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo: mpango wa Uingereza na Marekani wa kumwondoa Ian Smith, kiongozi wa serikali ya Wazungu wachache, na swali gumu la jeshi la Zimbabwe huru lijengwe juu ya nani, wapiganaji wa ukombozi au askari wa Smith. Mpango ule ulitangazwa tarehe 1 Septemba, chini ya mwezi mmoja baadaye, kwa hiyo soma mazungumzo ya Agosti ukiwa umeuweka mpango pembeni. Angalia pia nani hayumo chumbani. Waziri wa Mambo ya Nje, Cyrus Vance, siku hizo alikuwa ziarani Mashariki ya Kati. Mtu aliyekuwa akiusukuma mpango pamoja na waziri mwenzake wa Uingereza, David Owen, hakuwepo rais wake alipokuwa akizungumza na Mwalimu. Hilo hulipati kwenye hotuba yoyote. Linapatikana kwa kuweka orodha mbili za majina pamoja.

Hotuba za mapokezi na za dhifa zimo kwenye mkusanyiko rasmi wa maneno ya marais, wala sitakupotezea muda nazo.

Simu za maandishi za balozi ndizo utamu wa mwisho. Hifadhi ya Taifa ya Marekani ina kanzidata iitwayo AAD, na ndani yake kuna telegramu za Wizara ya Mambo ya Nje kuanzia 1973 hadi 1979. Andika NYERERE, weka mipaka ya tarehe kuanzia katikati ya Julai mpaka mwisho wa Agosti 1977. Telegramu zina alama za mada. OVIP ni ziara za wakubwa, TZ ni Tanzania. Saa yake huandikwa hivi: 041530Z AUG 77. Mbili za kwanza ni tarehe, nne zinazofuata ni saa ya Greenwich, kwa hiyo kwa Dar unaongeza 3 tu: saa kumi na mbili na nusu jioni. Telegramu za kabla ya ziara zinaeleza wao walidhani Mwalimu atataka nini. Za baada zinaeleza walichodhani amepata. Kumbuka ni maneno ya upande mmoja.

Upande wetu, anza na magazeti ya tarehe 5 na 6 Agosti, Uhuru na Daily News. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya East Africana yenye hazina ya magazeti ya zamani. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga. Uliza kibali cha utafiti kabla ya kufunga safari, hasa kama unatoka mkoani. Msomaji wa Kenya afanye haya yote na tarehe 20 Februari 1980, Rais Moi alipopokelewa na Carter huyohuyo, akikumbuka kwamba Februari tofauti ya saa ni 8.

Ukikwama, waandikie watunza nyaraka wa Atlanta barua pepe fupi kwa Kiingereza: tarehe, jina la jalada, na hati unayoitafuta kama ilivyoandikwa kwenye fomu ya kuzuiwa. Unaweza pia kuomba hati iliyozuiwa kwa herufi A iangaliwe upya. Hapo andika tarehe ya ombi kwenye kaunta buku na uendelee na kazi nyingine, kwa maana jibu la namna hiyo halina haraka.