SOMO: Kusafisha rekodi ya machapisho yako kabla hujaomba kupanda daraja

Pipeti_Dom

Wakuu, habari za jioni. Kila fomu za kupanda daraja zinapotoka, simu yangu inajaa swali lile lile: "Daktari, h yangu ni ngapi, na naitoa wapi?" (h, au h-index, ni kipimo cha makala zako zimenukuliwa na wengine kiasi gani; kuihesabu ni Hatua ya 8.) Wiki hii nimejibu watu tisa. Wawili walinisimamisha pale Nyerere Square nina mtoto mgongoni. Naandika mara moja, na kuanzia leo nitakuwa natuma kiungo tu. Mimi ni mtu wa biolojia ya molekuli, kwa hiyo mifano ni ya maabara, ila hatua ni za fani zote.

Hatua ya 1. Orodhesha makala zako zote: mwaka, jarida, na namba ya DOI (ile ya kuitambulisha makala mtandaoni, inayoanza na 10).

Hatua ya 2. Chagua namna moja ya kuandika jina lako na usiibadilishe. Sisi tuna majina matatu. Leo unaandika la baba mwishoni, kesho la babu, keshokutwa unaweka herufi tu. Mashine inaona watu watatu.

Hatua ya 3. Jisajili ORCID, yaani namba ya utambulisho ya mtafiti. Ni bure, ipo tangu 2012, unapewa namba yenye tarakimu 16 (ya mwisho inaweza kuwa X, usishtuke). Weka barua pepe mbili, ya kazini na ya kwako binafsi. Ukihama kazi na ile ya kazini ikafungwa, bado utaingia.

Hatua ya 4. Fungua profaili ya Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma na kuhesabu manukuu), thibitisha barua pepe ya kazini, chagua makala zako.

Hatua ya 5. Hapa someni polepole. Google Scholar itakuuliza: makala mpya ziongezwe zenyewe, au utumiwe barua pepe kwanza uzikubali? Chagua kutumiwa barua pepe. Mimi nilichagua ziongezwe zenyewe, nikaisahau profaili miaka miwili. Nilikuwa chuo kingine wakati huo, naomba uhadhiri mwandamizi. Siku ya kujaza fomu nikafungua, nikakuta h ni 11. Nilifurahi, nikadhani kazi zangu zimeanza kusomwa, nikachapisha ukurasa nikaambatanisha. Mbele ya kamati mzee mmoja aligeuza karatasi, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Daktari, hii ya upandikizaji wa figo uliifanya lini?" Sijawahi kushika figo ya mtu. Kuna daktari wa upasuaji ng'ambo mwenye jina la ukoo kama langu na herufi zile zile za mwanzo, na makala zake 14 zilikuwa zimeingia kwangu. h yangu halisi ilikuwa 5. Ombi lilirudishwa, nikasubiri mwaka mzima, na kwa muda mrefu nilipoingia chumba cha mikutano nilihisi watu wananitazama kama mwizi. Sikudanganya neno lolote, lakini karatasi yenye jina langu ilidanganya.

Kwa hiyo:
– Fungua profaili kila baada ya miezi mitatu, usome makala moja moja, siyo kuangalia jumla tu.
– Ukikuta isiyo yako, iweke tiki uifute. Usiseme "ni moja tu."
– h ikiruka ghafla, usishangilie. Tafuta sababu siku hiyo hiyo.
– Usichapishe ukurasa wa kuambatanisha kabla mwenzako wa maabara hajaupitia.

Hatua ya 6. Makala moja ikitokea mara mbili (ya jarida na ya kongamano, au kichwa kimekosewa herufi), ziwekee tiki zote mbili uziunganishe. Ukiona kinyota pembeni ya idadi ya manukuu, maana yake hesabu hiyo imechanganya nakala zinazoweza kuwa si kitu kimoja. Bonyeza uone. Ukiwa umeunganisha kimakosa, unaweza kuzitenganisha.

Hatua ya 7. Kwenye Scopus (hifadhidata nyingine ya makala na manukuu) huhitaji kujisajili, yenyewe ndiyo inakutengenezea ukurasa. Jitafute, ukijikuta umegawanywa watu wawili waombe wakuunganishe. Kutazama na kuomba marekebisho hakuhitaji chuo kiwe kimelipia.

Hatua ya 8. Hesabu h kwa mkono. Aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005, na inaingia kwenye kipande cha karatasi. h ni idadi kubwa kabisa ya makala zako ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara hiyo hiyo. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi. Zangu za mwaka ule: 41, 18, 9, 6, 5, 3, 0. Teremka ukihesabu. Ya tano ina manukuu 5, inatosha. Ya sita ina 3, haifiki 6. Basi h ni 5. Angalia hapo: ile ya 41 ingefika 400, h ingebaki 5 vile vile.

Kila ukiandika namba, andika na chanzo na tarehe. Google Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, Scopus huchagua majarida, kwa hiyo ya Scholar karibu siku zote ni kubwa. Usichukue ya huku ukailinganisha na ya mwenzako ya kule.

Maswali karibuni.

---

kijana_Nkuhungu: Mkuu sijasoma yote, h index ni nini kwa kifupi na inapandaje haraka?

Pipeti_Dom: Hatua ya 8.

kijana_Nkuhungu: Sawa ila haraka?

Pipeti_Dom: Hakuna haraka.

Mtafuta_Daraja: Kuna jamaa anauza manukuu, unalipa kwa simu, wiki mbili yameingia. Tena kuna jarida linakubali makala ndani ya saa 72. Vipi hapo?

Pipeti_Dom: Usifanye. Aliyekuuzia wewe amewauzia na wengine, na wote mtaonekana mmenukuliwa katika makala zile zile za ajabu. Jarida la saa 72 halijakuta mhakiki aliyeisoma kazi yako. Ni la kitapeli. Tazama kwenye DOAJ (orodha ya majarida ya kusomwa bure yaliyokaguliwa) kama limo. Kwa majarida ya Afrika pitia pia AJOL, Tanzania Journal of Science liko huko. Nimemaliza kwenye hili.

BintiKondoa: Shikamoo dada. Nimesoma hatua ya 2 mara mbili. Makala zangu mbili za kwanza nilitumia jina la baba, baada ya ndoa nikaandika la mume, sasa nina nne za jina jipya. Nirudi la zamani? Naogopa nitapoteza zile mbili.

Pipeti_Dom: Marahaba mdogo wangu, hupotezi kitu. Makala zilizokwisha kuchapishwa ziache zilivyo. Kwenye ORCID kuna sehemu ya majina mengine unayojulikana nayo: andika la zamani hapo, pamoja na lile lenye herufi za mwanzo tu. Kisha ziongeze zile mbili kwa DOI zake. Kwenye Google Scholar tafuta kwa jina la zamani, uzichague mwenyewe. Kwenye Scopus bila shaka umekuwa watu wawili, kwa hiyo omba kurasa ziunganishwe. Kuanzia hapo, kila unapotuma makala weka namba ya ORCID kwenye fomu ya jarida. Jina linaweza kubadilika tena, ile namba haibadiliki. Kama una mpangilio wa vinasaba uliouweka GenBank (hifadhi ya vinasaba mtandaoni), angalia na huko umeandikaje jina. Ukikwama njoo inbox, tutakaa tuimalize pamoja.

BintiKondoa: Mungu akubariki dada. Nimezipata zote mbili, moja ilikuwa na manukuu 12 nami sijui!

Pipeti_Dom: Hongera sana. Sasa fungua hao 12, usome wamekunukuu kwa jambo gani. Mimi mwanafunzi wangu alipata mshirika wa utafiti kwa njia hiyo.

Mzoefu75: Mimi natumia ile ya kuongeza yenyewe miaka minane, sijapata shida. Unatisha watu bure.

Pipeti_Dom: Jina lako ni adimu, kaka, ndiyo maana. Mwambie mwenye jina la Juma au John ajaribu. Nimeeleza lililonipata, na mwaka wangu haukurudi.

Mwl_Hombolo: Swali la pembeni, mtaalamu. Katika fani yenu, makala iliyonukuliwa kuliko zote ni ile ya Watson na Crick ya umbo la DNA?

Pipeti_Dom: Swali zuri sana, na jibu huwashangaza wengi. Hapana. Ni ya Lowry na wenzake, 1951, ya kupima kiasi cha protini. Imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Karibu yake ni ya Laemmli ya 1970 (ile jeli ya kutenganisha protini) na ya Bradford ya 1976, nayo ni ya kupima protini. Jarida la Nature lilipotoa orodha ya makala 100 zilizonukuliwa zaidi mwaka 2014, ya Watson na Crick ya 1953 haikuwamo kabisa. Njia ya maabara inatajwa kila inapotumika. Ugunduzi ukishaingia vitabu vya shule, hakuna anayeutaja tena kwenye rejea. Kwa hiyo namba kubwa inakwambia kitu kinatumika sana, na si lazima kiwe ndicho kikubwa.

Zabibu_Makutupora: Hapo umenigusa. Sisi tunaotoa vinasaba kwenye majani ya mizabibu tunanukuu Doyle na Doyle 1987 kila siku, na jarida lenyewe silijui!

Pipeti_Dom: Phytochemical Bulletin. Kurasa tano tu, taarifa ndogo ya majani mabichi. Jarida halikuwa na jina kubwa, ila kila maabara ya mimea inaitaja. Mtu akikwambia makala inapimwa kwa ukubwa wa jarida, mtajie hiyo. Na kama nukuu zako za Doyle zimeandikwa namna tofauti kila makala, zisawazishe. Na wenzetu wanastahili kuhesabiwa vizuri.

Zabibu_Makutupora: Nitafanya. Ila vinasaba vyangu vinatoka rangi ya kahawia, PCR (ile ya kunakili vinasaba) inagoma. Tatizo nini?

Pipeti_Dom: Polifenoli, kemikali za mmea zinazochafua vinasaba. Mzabibu umejaa hizo. Chukua majani machanga kabisa ya juu asubuhi, yaweke kwenye barafu shambani hapo hapo, na uongeze PVP (inayonasa polifenoli) kwenye CTAB (kimiminika cha kutolea vinasaba) kabla hujasaga. Ikibaki kahawia, zimua sampuli yako mara kumi kabla ya PCR. Nitumie picha ya jeli kesho.

Zabibu_Makutupora: Barafu nanunua Majengo nikielekea. Kesho jioni picha ipo.