Kupunguza umeme kwenye uwanja wa barafu wa kuteleza

Kabla ya kuwaza mtambo mpya wa kugandisha, chukua keekee na rula upime unene wa barafu. Toboa sehemu kumi hivi: pembeni, katikati na mbele ya magoli. Lenga milimita 25 hadi 35. Barafu huzuia joto kupita. Ikifika milimita 50, maji ya chumvi kwenye mabomba ya sakafuni lazima yawe baridi zaidi, na mzigo wote unaiangukia kompresa, mashine inayobana gesi ya kupoozea ili kuondoa joto. Kingo ndizo hunenepa haraka, maana mashine ya kusawazisha haikwangui vizuri karibu na ukuta. Zikwangue kila wiki.

Uso wa barafu ya hoki uwe kama -5 hadi -6 °C; wa kuteleza kwa burudani, -3 au -4 unatosha. Usiku pandisha digrii moja au mbili.

Pampu ya maji ya chumvi husahaulika. Karibu umeme wake wote huishia kuwa joto ndani ya maji yaleyale, kisha kompresa ilitoe tena: hasara mara mbili! Ifungie kidhibiti cha mwendo. Kwa kasi ya asilimia 80 hula takriban nusu ya umeme. Usiishushe mno, la sivyo barafu italainika upande maji yanakorudia.

Joto la kompresa usilitupe nje, litumie kupashia maji ya kusawazishia na ya bafuni. Mtambo ukichakaa kabisa, hamia amonia au kabonidioksaidi kama gesi ya kupoozea. Amonia ni sumu, kwa hiyo chumba chake kiwe na kigunduzi cha gesi na feni.